Tabia ya Nani? Utafiti wa afya ya vijana mashuleni, kutoka Mwanza hadi Masisi

Utafiti wa tabia hatarishi za vijana uliingia shule za Afrika Mashariki na Kongo kwa mlango wa ukimwi, ugonjwa ambao watu wa Kivu wanauita SIDA mpaka leo. Kabla ya hapo, mambo yanayokusanywa sasa chini ya jina hilo moja yalikuwa na wenyewe mbalimbali. Mimba ya mwanafunzi ilikuwa kesi ya mkuu wa shule, naye aliimaliza kwa kumfukuza msichana. Bangi ilikuwa ya polisi. Pombe za kienyeji, kasiksi na kanyanga, zilikuwa za padri na wazee wa ukoo. Mambo ya mume na mke yalikuwa ya shangazi na bibi, na yalisemwa usiku, si ubaoni. Kuyafunga yote katika furushi moja na kuyahesabu kwa dodoso ni kazi ya miaka ya karibuni.

Kielelezo cha hesabu hiyo kilitoka Marekani. Mwaka 1990 kituo cha serikali ya huko cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilianzisha uchunguzi wa wanafunzi wa sekondari uliopanga hatari za vijana katika mafungu sita: ajali na vurugu, tumbaku, pombe na dawa za kulevya, ngono isiyo salama, ulaji mbaya, na mwili kukaa bila mazoezi. Mwanafunzi alijaza karatasi akiwa darasani, bila kuandika jina lake. Shirika la Afya Duniani likishirikiana na CDC likautolea uchunguzi huo sura ya kimataifa, na Kenya na Uganda zikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia, mwaka 2003. Tanzania ilifuata Dar es Salaam mwaka 2006. Katika Kiswahili jambo lenyewe likakaa kwa jina la tabia hatarishi, na jina hilo si tupu. Tabia ni ya mwenye nayo. Anayesema tabia amekwisha kumtaja mtuhumiwa. Maswali mengi ya dodoso yalimwuliza mtoto anafanya nini, machache yakamwuliza anafanyiwa nini. Ilichukua miaka ishirini na kitu, na pesa nyingi, kwa uwiano huo kuanza kugeuka.

Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilitangulia kwa muda mfupi. Mwaka 1983 madaktari wa Ubelgiji, Marekani na Zaire, Peter Piot akiwemo, waliona katika hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa kwamba SIDA iliwapata wanawake na wanaume karibu sawasawa. Mwaka uliofuata ulianzishwa Projet SIDA chini ya Jonathan Mann, ukakua na kuwa mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake barani. Lakini kazi yake ilikuwa ya hospitali: damu, wajawazito, watoto wachanga. Darasa halikufikiwa. Septemba 1991 askari waliokosa mishahara walipora mji, wageni wakaondolewa, na mradi ukafa nao. Maswali ya shule yalipoanza kuulizwa kwa bidii Uganda na Tanzania, Kivu ya Kaskazini ilikuwa na msiba mwingine. Machi 1993 mapigano yalizuka sokoni Ntoto, katika Walikale, yakasambaa Masisi. Na katikati ya 1994 wakimbizi wa Rwanda wakavuka mpaka kwa mamia ya maelfu.

Upande wa pili wa maziwa, jaribio la mapema lililopangwa kisayansi liliitwa Ngao. Lilifanyika mwaka 1992 katika shule 18 za msingi za Arusha na Kilimanjaro, likiongozwa na watafiti wa Norway na Tanzania, miongoni mwao Knut-Inge Klepp. Wanafunzi wa darasa la sita walifundishwa kuhusu ukimwi na walimu wao pamoja na wahudumu wa afya, wakachora mabango, wakaimba na kuigiza mbele ya wazazi. Mwaka mmoja baadaye walijua zaidi kuliko wenzao wa shule za kulinganisha, walizungumza zaidi kuhusu ugonjwa huo, na walikuwa na huruma zaidi kwa wagonjwa. Hayo hayakuwa madogo katika miaka ambayo mgonjwa alitengewa kikombe na sahani. Ila yalikuwa mambo ya kichwani na mdomoni.

Soroti, mashariki ya Uganda, ilitoa matokeo ya kuvutia zaidi. Kati ya 1994 na 1996 wilaya hiyo ilitekeleza mpango wa elimu ya afya katika shule za msingi, ukisaidiwa na shirika la AMREF. Wanafunzi wa darasa la saba, wenye umri wa miaka 14 hivi, waliulizwa kama wamewahi kufanya ngono. Mwanzoni asilimia 42.9 walisema ndiyo. Miaka miwili baadaye waliosema ndiyo walikuwa asilimia 11.1. Takwimu hiyo ilisafiri sana, ikanukuliwa katika mikutano na maombi ya fedha. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa la saba angeuliza swali moja tu: mtoto aliyefundishwa mwaka mzima kwamba jibu jema ni hapana, akiulizwa, atajibu nini?

Swali hilo lilijibiwa Mwanza, na jibu lake ndilo kitovu cha historia hii.

Mwanza ilikuwa tayari na jina. Jaribio lililofanyika huko katika jamii 12 za vijijini na kuchapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Palikuwa na maabara, wataalamu wa takwimu, na watu waliozoea kuona gari la utafiti likiingia kijijini. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, pamoja na wizara za afya na elimu, vikaanzisha mwaka 1998 mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Miongoni mwa walioubeba walikuwa John Changalucha, David Ross na Angela Obasi.

Mpango wake ulikuwa mkali kwa makusudi. Jamii 20 za vijijini zilichaguliwa, kisha kura ikapigwa: 10 zipate mpango, 10 zisubiri. Vijana 9,645 waliandikishwa na kupimwa. Katika jamii zilizopata mpango, shule 62 za msingi zilifundisha somo la afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, kwa vipindi 12 hivi kila mwaka, kila kimoja dakika 40. Wanafunzi waliochaguliwa na wenzao walisaidia kwa maigizo. Vituo 18 vya afya vilifundishwa kumpokea kijana bila kumgombeza. Vijana wa vijijini waliuza kondomu kwa wenzao. Kizuizi kimoja kilionekana tangu mwanzo: sera ya elimu haikuruhusu kuonyesha matumizi ya kondomu katika shule ya msingi. Mwalimu angeweza kutaja hatari yote, lakini kinga ikabidi ibaki nje ya geti, ikamngoje mwanafunzi zahanati.

Kilichoutofautisha mradi huu na Soroti ni kwamba haukuishia kwenye maneno. Kijana alihojiwa, kisha akatoa damu na mkojo. Picha yenyewe ni rahisi kuiona. Msichana wa miaka 16 amekaa kwenye kiti cha mbao chini ya mwembe, mbali kidogo na wengine ili wasisikie. Mbele yake yuko mtu mzima asiyemfahamu, ana kalamu na dodoso. Anaulizwa kama amewahi kulala na mwanamume. Anatazama chini, anasema hapana. Kalamu inaweka alama. Siku kadhaa baadaye chupa ndogo yenye namba yake inafunguliwa maabara, na namba hiyo ina maambukizi ambayo hayapatikani kwa kukaa na kusoma. Mary Plummer na wenzake walipolinganisha majibu na vipimo, walikuta kwamba kati ya vijana ambao miili yao ilithibitisha kuwa wamefanya ngono, wavulana waliokiri mara zote walipoulizwa walikuwa zaidi kidogo ya nusu, na wasichana hawakufika theluthi moja. Wavulana walikuwa na kasoro ya upande wa pili pia, ya kujigamba. Tangu hapo kila takwimu ya tabia za vijana iliyotegemea mdomo peke yake, hata ile ya Soroti, ilianza kusomwa kwa jicho la pembeni.

Matokeo ya kwanza, baada ya upimaji wa 2001 na 2002, yalichapishwa mwaka 2007. Vijana wa jamii zilizopata mpango walijua zaidi, mitazamo yao ilikuwa imebadilika, na wavulana walisema wamepunguza wapenzi. Lakini VVU, herpesi ya sehemu za siri na maambukizi mengine hayakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika kati ya makundi mawili. Watafiti hawakukata tamaa haraka. Huenda watoto walikuwa wadogo mno, matunda yakaja baadaye. Kwa hiyo mwaka 2007 na 2008 walirudi, wakapima vijana 13,814 wenye miaka 15 hadi 30 katika jamii zilezile. Ujuzi ulikuwa bado upo, miaka mingi baada ya masomo kwisha, jambo ambalo mwalimu yeyote angejivunia. VVU ilikuwa asilimia 1.8 kwa wanaume na 4.0 kwa wanawake, herpesi asilimia 25.9 na 41.4, na kura iliyopigwa mwaka 1998 haikuonekana popote katika tarakimu hizo. Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kuupeleka mpango katika mamia ya shule za Sengerema, Geita, Kwimba na Missungwi, kwa sababu ulikuwa umefundishika na walimu waliuweza. Si mara ya kwanza kwa mpango kuenea kwa kuwa unatekelezeka, huku swali la kama unafanya kazi likiwa bado njiani.

Kwa nini mtoto anajua na bado anaambukizwa? Hapa mradi wa Mwanza uliwashinda wenzake wote, kwa kuwa ulikuwa na watu waliokaa vijijini. Wasaidizi wa utafiti, wengi wao vijana wenyewe, waliishi na familia katika vijiji tisa, wakalima nao, wakachota maji nao, wakaenda nao ngomani na mnadani. Walichoandika hakikuwa cha siri kwa mtu wa kijiji, ila hakikuwa kimewahi kufika katika jedwali. Msichana alihitaji sabuni, mafuta ya kujipaka, daftari, pesa ya andazi wakati wa mapumziko. Nyumbani aliambiwa hakuna, na wakati mwingine alitazamwa kwa namna ya kumwambia ajitafutie. Mvulana au mwanamume mtu mzima alitoa. Joyce Wamoyi wa NIMR, aliyeliandika jambo hilo kwa kina kuliko wengine, alieleza kwamba wasichana hawakuona zawadi hiyo kama bei ya umalaya. Kinyume chake, kulala na mtu bure ndiko kulikuwa aibu. Ilikuwa ni kujidharau. Sasa chukua somo la dakika 40 linalosema subiri, au uwe mwaminifu, na uliweke kwenye mizani na kipande cha sabuni. Mwandishi wa mtaala hakuwa ameipanga sabuni popote. Wasaidizi hao walionyesha pia kwamba baadhi ya walimu waliotakiwa kufundisha kinga ndio waliochapa viboko asubuhi na kuwafuata wasichana jioni.

Kenya ya magharibi iliitoa hoja ileile kwa njia ya wachumi. Kuanzia 2003, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waligawa shule 328 za msingi katika makundi kwa kura. Kundi moja walimu wake walifundishwa mtaala wa taifa wa ukimwi. La pili wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare za shule bure. La tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kitu. Wanafunzi karibu 19,000 walifuatwa kwa miaka saba. Mtaala peke yake haukupunguza mimba wala herpesi. Sare, ambayo haina neno hata moja kuhusu ngono, iliwabakiza wasichana shuleni, na katika miaka mitatu waliopata mimba wakashuka kutoka asilimia 16 hadi 13. Herpesi ilipungua kwa wasichana waliopata sare na mtaala pamoja, si kimoja bila kingine. Mzazi wa Masisi, anayejua mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo au viatu, hahitaji kuelezwa namna nguo inavyoweza kuzuia mimba.

Ndani ya jaribio hilohilo Dupas aliweka lingine dogo. Katika shule 71 mtu wa mradi aliingia darasani mara moja, kwa dakika 40, akaonyesha filamu fupi na kuandika ubaoni viwango vya VVU vya wanaume kwa umri: wavulana wa rika lao wachache, wanaume wa miaka ya thelathini wengi. Hakuwaambia waache. Aliwaambia nani ana hatari zaidi ya nani. Mimba zilipungua kwa asilimia 28 katika mwaka uliofuata, hasa zile za wanaume wakubwa, wale ambao miaka michache baadaye redio za Tanzania ziliwabandika jina la fataki. Mtaala rasmi ulikuwa umewanyima wasichana taarifa waliyoihitaji kuliko zote, pengine kwa sababu waliouandika walikuwa wa umri huo unaotajwa.

Kuanzia 2009 macho yalihama kutoka kwa mtoto. Mwaka huo Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ukisimamiwa na UNICEF, CDC na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na kutolewa hadharani mwaka 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ngono ya mapema, iliyokuwa imehesabiwa kwa miaka ishirini kama tabia, kwa sehemu ikaonekana kuwa ni tendo la mtu mwingine.

Luwero, kaskazini ya Kampala, ndiko lilikofanyika jaribio lililoanza na watu wazima wa shule. Shirika la Raising Voices, ambalo Dipak Naker ni mmoja wa waanzilishi wake, lilikuwa limetunga mwongozo wa shule njema: hatua sita za kubadili namna walimu wanavyoadhibu, wanavyozungumza na wanavyoamua mambo, wanafunzi wakishirikishwa katika kamati. Karen Devries na wenzake waliupima katika shule 42 za msingi kati ya 2012 na 2014. Mwishoni wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31.0 katika shule zenye mpango na 48.7 katika zisizo nao. Viboko bado vingi, lakini tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko karibu lolote lililokuwa limepatikana kwa kumhubiria mtoto. Jaribio hilo liliacha pia tarakimu isiyosahaulika. Katika uchunguzi wa mwanzo wa watoto 3,706, watoto 529 walieleza mambo mazito kiasi cha kupelekwa kwa wahusika wa ustawi wa jamii. Waliopata msaada unaotosha walikuwa 20. Kuuliza kulikuwa kumeitangulia huduma, na watafiti waliofuata walilazimika kueleza mapema mtoto atakayesema atapelekwa wapi.

Mashariki ya Kongo iliingia katika historia hii kupitia vita, na maswali yake yalikuwa na sura hiyo. Bunia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent waliwahoji wanafunzi wa sekondari wa Ituri kuhusu kuhamishwa na vita, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Baadaye An Verelst na Ilse Derluyn na wenzao waliwauliza wasichana 1,305 wa shule 22 za mji huo. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Dodoso lao lilikuwa na ujanja wenye maana: liliuliza kwa njia mbili, mara moja kwa kutumia neno la ubakaji, na mara nyingine kwa kueleza tendo bila kulipa jina. Wasichana wengi walilikubali tendo na kulikataa jina. Unyanyapaa na shida za kila siku, kama njaa na kukosa mahali pa kulala, vilielezea maumivu yao ya moyo pamoja na tendo lenyewe.

Beni, katika Kivu ya Kaskazini, watafiti wa Belfast Paul O'Callaghan na John McMullen walifanya majaribio mawili madogo yaliyochapishwa mwaka 2013, moja kwa wasichana 52 wenye miaka 12 hadi 17 waliokuwa wamenyanyaswa kingono, jingine kwa wavulana 50 wenye miaka 13 hadi 17, wakiwemo waliotoka katika makundi ya silaha. Vijana walikutana kwa vikundi wakafundishwa kuituliza miili yao, kuchora na kusimulia yaliyowapata, na kuyatenganisha na lawama. Ndoto mbaya, huzuni na vurugu zilipungua mno. Hapa ile iliyoitwa tabia, kama kupigana, ilitibiwa kama jeraha, na ikapungua kama jeraha linavyopungua.

Jaribio kubwa zaidi la mashariki ya Kongo lilifanyika Kivu ya Kusini, likiitwa COMPASS, la shirika la International Rescue Committee pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia. Wasichana 869 wenye miaka 10 hadi 14 walikutana kila wiki na dada mkubwa aliyefundishwa, katika mahali salama palipotengwa. Kura iliamua ni wazazi wa wasichana gani watakaopata nao vikao vyao, 13 kwa jumla. Namna ya kuuliza ilikwepa kasoro iliyoonekana Mwanza: msichana alivaa vifaa vya kusikilizia, akasikia swali kwa lugha yake kutoka kwenye tableti, na kugusa jibu kwenye kioo bila mtu yeyote kumsikia wala kumtazama. Katika nchi ya vita mtu angetarajia kusikia habari za watu wenye bunduki. Tableti zilisema zaidi kuhusu nyumba: aliyepiga mara nyingi alikuwa mzazi au mlezi, na katika ukatili wa kingono mpenzi au mchumba alitajwa mara nyingi. Matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba vikao vya wazazi viliongeza upendo wanaouonyesha kwa binti zao, lakini havikupunguza ukatili wa kingono. Kinshasa, katika Masina na Kimbanseke, mradi wa Bien Grandir uliwafuata vijana wa umri huohuo kuanzia 2017, nao pia ulibadilisha ujuzi kwa urahisi kuliko desturi.

Tukirudi Masisi, kijiji cha Kirolirwe kiko juu ya barabara ya kutoka Sake kwenda Kitchanga, katika malisho ya vilima, nchi ya ng'ombe na jibini. Majaribio ya aina ya Mwanza yanadai kitu ambacho kijiji kama hicho hakijawahi kuhakikishiwa tangu 1993: kwamba shule iliyopigiwa kura leo itakuwepo baada ya miaka mitatu, na wanafunzi wake wakiwa walewale. Miaka ya 2007 na 2008 Kirolirwe ilikuwa kituo kimojawapo cha CNDP, kundi la silaha la Laurent Nkunda, wakati ambapo mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya wavulana kuchukuliwa shuleni na njiani katika Masisi na Rutshuru ili wabebe silaha. Katika hali hiyo darasa, ambalo vitabu vya kinga vinalihesabu kuwa mahali pa kumfikia kijana kwa urahisi, lilikuwa rahisi kufikiwa na mwenye bunduki pia. Kuna wazazi waliomtoa mtoto shuleni ili kumlinda, uamuzi ambao kwa lugha ya dodoso ungeandikwa utoro.

Kongo sheria haikukosekana. Programu ya taifa ya afya ya vijana ilianzishwa mwaka 2003. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ilikataza kumwingiza aliye chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi la silaha, na sekondari zina somo la elimu ya maisha. Lakini kwa muda mrefu mzazi alilipa prime, ile pesa ya kumlipa mwalimu ambaye mshahara wake haukufika, na asiyelipa mtoto wake alirudishwa. Septemba 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi bure. Watoto walifurika, madarasa yakajaa kuliko madawati, walimu wakagoma. Kwa kipimo cha sare za Kenya, hatua hiyo ya hazina ilikuwa mpango wa kinga mkubwa kuliko wowote uliowahi kujaribiwa mashariki ya Kongo, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Mwishoni mwa Januari 2023 kundi la waasi la M23 lilichukua Kitchanga, na watu wa barabara hiyo wakateremka kuelekea Sake na makambi ya pembeni mwa Goma, Bulengo na Lushagala miongoni mwao. Goma yenyewe ilianguka mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi uliofuata makambi yalivunjwa, na familia zikapanda tena vilima vya Masisi na mizigo kichwani. UNICEF ilihesabu wakati huo shule na vituo vya masomo zaidi ya 2,500 vilivyofungwa mashariki ya nchi tangu mwaka uanze. Watoto waliokuwa nje ya darasa, waliokuwa 465,000 Desemba 2024, walikuwa wamefika 795,000.